Ratiba kwanza, duka baadaye: kisa cha vifaa vya harusi ya Kibosho

Mwishoni mwa Oktoba alinijia dada mmoja mpiga picha, mwenye kibanda chake cha picha za pasipoti na mahafali hapa Moshi mjini. Alikuwa na karatasi mbili mkononi. Moja ilikuwa profoma, yaani karatasi ya bei, ya duka la Arusha, nyingine ratiba ya harusi. Akanipa profoma, ratiba akairudisha kwenye mkoba.

"Shikamoo kaka. Naomba uniangalizie hii kamera, nisije nikapigwa."

"Marahaba mdogo wangu. Na hiyo nyingine?"

"Hii ni ratiba tu, kaka."

Kisa hiki nakiandika kwa sababu ya hilo neno "tu". Nimepiga picha za harusi kwa miaka mingi huku mlimani, na kila msimu wananijia vijana wenye profoma. Hajawahi kunijia hata mmoja akatanguliza ratiba, wakati ratiba ndiyo inayosema utasimama wapi, saa ngapi, kwenye giza gani, na nani atakukataza nini. Nilimwomba tuweke profoma pembeni kwanza. Nimepata ruhusa yake kuyaeleza yaliyofuata, pamoja na pale nilipomshauri vibaya, ilimradi nisimtaje jina wala kutaja maharusi.

Hali ilivyokuwa

Harusi ilikuwa Jumamosi ya kwanza baada ya Krismasi. Kwa mtu wa Kilimanjaro hapo hakuna la kuelezea: Wachagga wa Dar, Mwanza, Dodoma na ng'ambo wanakuwa wamerudi nyumbani, na harusi, ubatizo na vikao vya ukoo vinagombania Jumamosi zile zile. Misa ilikuwa saa nane mchana katika kanisa la mawe upande wa Kibosho, picha za ukoo nyumbani kwa bwana harusi saa kumi, picha za maharusi peke yao bustanini saa kumi na moja, na ukumbini mjini kuanzia saa moja jioni hadi saa sita usiku.

Alikuwa amewahi kuwa msaidizi kwenye harusi tatu. Hii ilikuwa ya kwanza yeye kuwa mpiga picha mkuu. Malipo walikubaliana Sh 1,400,000, advansi laki sita ikalipwa. Alikuwa na akiba ya Sh 2,600,000 aliyoivunja kwenye kikoba. Jumla Sh 3,200,000, na wiki nane za kujipanga.

Kwenye begi alikuwa na Canon 700D, kamera ya mwaka 2013 yenye sensa ndogo (sensa ndiyo kipande cha ndani kinachopokea picha). Lenzi ya milimita 18-55 iliyokuja nayo; milimita chache huona pana, nyingi huvuta karibu. Lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8 (f ni kipimo cha tundu la kuingiza mwanga; namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa); flashi moja ya zamani isiyojua kupima mwanga yenyewe, lazima uiwekee nguvu kwa mkono; na betri mbili. Vikumbuke vifaa hivyo, hasa hiyo lenzi ya 50. Nitairudia kwa aibu.

Ile profoma

Duka lilimpendekezea Canon EOS RP mpya na lenzi ya RF 24-105 inayoanzia f/4 na kuishia f/7.1. Bei yake ilikula karibu hela yote. Niseme haki: si kamera mbaya. Ilitoka mwaka 2019, ina sensa kubwa inayolingana na fremu ya filamu ya milimita 35, ina pikseli milioni 26, na ni nyepesi. Mtu anayepeleka wageni Ngorongoro akiinunua sitamcheka.

Shida ni lenzi. Ukiivuta mpaka 105, tundu lake halifunguki zaidi ya f/7.1. Lenzi ya f/2.8 inaingiza mwanga mara sita na zaidi ya hapo, wala si maneno ya biashara: gawanya 7.1 kwa 2.8, zidisha jibu kwa lenyewe. Mchana bustanini hutaiona tofauti hiyo. Kanisani utaiona kwenye chenga, yaani punje punje zinazoharibu picha ya gizani, au kwenye mkono wa bibi harusi uliotikisika wakati pete inaingia.

La pili, kamera hiyo ina nafasi ya kadi moja tu, hivyo kadi ikifa hakuna nakala ya pili. La tatu, ile lenzi ya 50 ya dada isingeingia bila adapta. La nne ndilo lililonikera zaidi: akishalipa, habaki na senti ya flashi. Yaani aingie ukumbini usiku na kamera mpya inayong'aa na ile flashi ya enzi zake. Muuza duka simlaumu. Aliulizwa kamera, akauza kamera.

Tulivyoenda kupima giza

Jumamosi iliyofuata tulipanda Kibosho, saa ile ile ya misa ya ndoa, na ile 700D yake. Katekista alitupokea vizuri, akatuambia masharti ya paroko kabla hatujauliza: hakuna flashi tangu misa inapoanza hadi baraka ya mwisho, na mpiga picha havuki nguzo ya mwisho kabla ya altare. Nikahesabu hatua kutoka nguzo hiyo hadi pale maharusi wanaposimama. Mita kumi na mbili hivi.

Kanisa la zamani la mawe ni zuri kwa macho na gumu kwa kamera. Kuta nene, madirisha membamba yenye vioo vya rangi, na siku hiyo wingu la mlima lilikuwa limeshashuka. Nilimsimamisha mtoto wa sakristia mahali pa bibi harusi, tukapima. Kwa shata ya 1/160, yaani kamera kufunguka kwa sehemu hiyo ya sekunde, ambayo kwangu ndiyo ya chini kabisa ya kumshika mtu anayetikisika kwa hofu, f/2.8 ilihitaji ISO 3200 (ISO ni kiasi cha kuongeza nguvu ya mwanga ndani ya kamera; ikipanda, chenga huongezeka). Ile 18-55 yake ikivutwa mpaka mwisho inaishia f/5.6, yaani robo ya mwanga huo, hivyo ISO inaruka hadi 12800. Hiyo ndiyo ISO ya juu kabisa ya kawaida ya 700D. Tulipiga. Tulipoitazama kwenye laptopu, sura ya mtoto ilikuwa kama imepakwa mchanga wa Mto Karanga.

Hapo ndipo dada alipoitoa ratiba kwenye mkoba mwenyewe. Akachora nyota pembeni ya "saa 8:40, viapo na pete".

Kuna jambo jingine tulilipima ambalo watu hulisahau: ngozi yetu na shela. Mtu mweusi ndani ya suti nyeusi akisimama pembeni ya gauni jeupe chini ya dirisha, kamera inachanganyikiwa. Ukiiachia ipime yenyewe, weupe wa gauni unaivuta ipunguze mwanga, na sura zinakuwa kiza. Ukiongeza mwanga bila hesabu, gauni linaungua na nakshi zake zinapotea kabisa. Dawa yake ni kupima sura, kuacha gauni likae ukingoni mwa kuungua bila kuvuka, na kuhifadhi faili ghafi za RAW ili ubaki na nafasi ya kurekebisha. Hapa sensa kubwa inasaidia kweli, kwa sababu ukikiinua kivuli chake hakitoi chenga haraka.

Ukumbini tulienda usiku wa siku nyingine, kulikuwa na sendofu ya watu wengine na mpambaji alituruhusu kuchungulia. Dari lote lilikuwa limefunikwa vitambaa vya zambarau. Kwa waliozoea kuelekeza flashi juu ili mwanga udunde na kushuka kwa ulaini, huo ni mtego: mwanga unapanda mweupe, unashuka zambarau, na maharusi wanatoka kama waliovilia damu. Ukuta wa nyuma, karibu na mlango wa jikoni, ndio peke yake uliokuwa mweupe. Tuliuandika.

Taa za LED za jukwaani nazo zina vituko vyake. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na taa nyingi za bei nafuu hupepesa mara 100 kwa sekunde bila jicho kuona. Shata ya 1/250 ilitoa mistari ya giza ikikata picha, 1/100 ilitulia. Nilimwonya kwamba taa nyingine zinazopunguzwa kwa kidude cha elektroniki hupepesa kwa mwendo wake zenyewe, kwa hiyo 1/100 ni pa kuanzia tu, hakuna uhakika. Lazima upime siku yenyewe, MC akiwa bado anajaribu maikrofoni.

Kuchagua

Baada ya hapo orodha ilijiandika yenyewe. Kamera inayovumilia ISO 3200 bila aibu, yenye nafasi mbili za kadi. Lenzi ya f/2.8 ya kutembea nayo siku nzima. Lenzi ndefu ya f/2.8 kwa ajili ya zile mita kumi na mbili. Flashi inayoweza kukaa mbali na kamera. Na chochote kati ya hivyo kikifa, kiwepo cha kushika nafasi yake.

Kwa hela ile, kamera mpya ilitoka kwenye mazungumzo. Tulibaki na tatu zilizotumika: Canon 6D ya 2012, Canon 5D Mark III ya mwaka huo huo, na Nikon D750 ya 2014. Mimi ni mtu wa Nikon, na moyo wangu ulikuwa kwenye D750: nafasi mbili za kadi za SD, pikseli milioni 24, na inalenga gizani vizuri. Lakini angeihamia Nikon, ile 700D na lenzi zake zingekuwa chuma chakavu kesho yake, na kamera ya akiba angeitoa wapi? 6D ilikuwa rahisi kuliko zote, na nukta yake ya katikati inalenga hata kwenye mwanga hafifu sana. Ina nafasi moja ya kadi. Tukaiacha kwa hilo tu, na wapo wapiga picha wazuri hapa mjini watakaobishana nami.

Ikabaki 5D Mark III. Ina nukta 61 za kulenga, shata iliyotengenezwa kuhimili mibonyezo 150,000, na shata ya kimya inayofaa wakati wa mahubiri. Kasoro zake ni mbili. Betri zake si zile za 700D, hivyo chaja mbili safarini. Na nafasi zake mbili za kadi hazifanani: moja inachukua kadi ya CF, ambayo siku hizi haipatikani kila duka na ni ghali, nyingine SD, nayo inaandika polepole hata ukiweka kadi ya kasi. Ukiamuru RAW iende kote kuwili, kamera nzima inamsubiri mwenzake aliye mvivu. Tuliamua RAW kwenye CF, na JPEG, yaani faili nyepesi iliyobanwa, kwenye SD.

Pikseli milioni 22 zilimtia wasiwasi, kwa sababu watu mtaani wanahesabu pikseli kama wanavyohesabu ng'ombe wa mahari. Nilimfanyia hesabu ya albamu: picha ya 5760 kwa 3840, ikichapwa kwa nukta 300 kwa inchi, inatoa ukurasa wa inchi 19 kwa 12 na chenji. Albamu kubwa anazotengeneza hazifiki hapo.

Tulikwenda Arusha kwa Kosta ya alfajiri. Kukagua kamera iliyotumika kulichukua saa mbili, na muuzaji alichoka nasi mapema. Tulipiga mbingu nyeupe kwa f/16 kutafuta uchafu wa sensa. Tulikuta madoa mawili, yakatoka kwa kupulizwa. Tuliweka kadi kila nafasi, tukafungua na kufunga mlango wa betri mara kadhaa. Idadi ya mibonyezo kwenye Canon hii haiandikwi ndani ya picha kama kwenye Nikon, hivyo tulichomeka kebo kwenye laptopu na programu ikasoma: elfu 61 na ushei. Tuliomba risiti ya mwanzo na kulinganisha namba ya kamera. Hapo usione haya. Kamera ya wizi ikigundulika ukiwa nayo, utakayeeleza polisi ni wewe.

Lenzi ndiyo iliyotusumbua. Tamron ya 24-70 f/2.8 ya kwanza tuliyoonyeshwa ilikuwa safi kwa nje. Nikawasha tochi ya simu, nikaipitisha kwa nyuma, nikaona nyuzi kama utando wa buibui kwenye kioo cha ndani. Ukungu. Lenzi iliyokaa pwani kwenye joto na unyevu bila kutumika huota ukungu, na kuusafisha maana yake ni kufungua lenzi nzima. Tuliirudisha. Ya pili, kwa muuzaji mwingine, ilikuwa imekwaruzika mwilini lakini kioo safi. Tukachukua hiyo. Mikwaruzo ya nje haipigi picha.

Matumizi yakawa hivi: kamera Sh 1,300,000, Tamron Sh 850,000, flashi mpya ya Godox TT685 na triga yake ya redio, kidude cha kuiwasha kutoka mbali, Sh 400,000, kadi tatu Sh 180,000, betri moja ya ziada ya kamera, betri kumi na mbili za kuchaji za flashi pamoja na chaja yake Sh 150,000. Lenzi ya 70-200 f/2.8 hatukununua, tulikodi kwa rafiki yangu kwa siku moja, Sh 60,000. Zilibaki laki mbili na elfu sitini.

Na hapa ndipo nilipokosea. Mezani palikuwa na lenzi ya 85 f/1.8, safi, Sh 350,000. Mimi naipenda 85. Nikamwambia bila hiyo picha za sura za bibi harusi hazitakuwa na ulaini unaotakiwa. Dada alisita, kisha akapiga simu kwa mweka hazina wa kikoba na kukopa elfu tisini, palepale dukani. Heshima kwa mkubwa ndiyo iliyomponza.

Siku yenyewe

Saluni ilikuwa chumba kimoja chenye watu kumi na wawili. Tamron kwenye 24 ilitosha kwa kujibana ukutani. Kwenye 700D ingemlazimu apigie barabarani. Matarumbeta yalipofika juu ya pikapu, alipiga haraka, mwanga ulikuwa tele, hakuna la kueleza.

Kanisani alinifundisha kitu. Mimi nilikuwa nimempangia 70-200 iwe kwenye 700D, kwa sababu sensa ndogo inakata picha na kuifanya lenzi ya 200 ionekane kama 320. Nilidhani ni zawadi ya bure. Yeye alikuwa amefanya hesabu yake siku ile tuliyopima: kwa mita kumi na mbili, 200 kwenye sensa kubwa inamweka mtu kuanzia utosi hadi viatu, kamera ikiwa wima, na nafasi kidogo juu. Hakuhitaji kuvuta zaidi. Alihitaji chenga kidogo zaidi. Akabadilisha, lenzi ndefu kwenye 5D, Tamron kwenye 700D kwa ajili ya picha pana za kanisa zima. Viapo vilitoka safi, ISO 3200, shata 1/160, na machozi ya bwana harusi yanaonekana. Ningefuatwa mimi, yale machozi yangekuwa chenga mojawapo.

Mtu wa video alikuwa na taa yake juu ya kamera. Huyo ni rafiki na adui. Akigeukia upande wako, una mwanga. Akigeuka ghafla, picha yako imekufa. Walikubaliana kabla ya misa kwamba wakati wa pete atasimama kushoto na hatasogea. Makubaliano hayo hayauzwi dukani, na sidhani kama kuna kifaa kilichofanya kazi kubwa kuliko hayo siku ile.

Nyumbani kwa bwana harusi, ukoo ulikusanyika uwanjani mbele ya migomba. Watu zaidi ya tisini, wazee mbele, vijana nyuma, watoto kila mahali. Ukisimama chini unapata safu ya kwanza na vipande vya vipaji vya nyuso. Alihitaji kupanda juu ya kitu. Bibi mmoja alitoka jikoni na stuli ya mbao, miguu mitatu, akaifuta kwa kanga yake. "Panda mwanangu, usiogope, imembeba babu yako na mbege yake." Akapanda, akaweka f/8, akamlenga mtu wa safu ya pili, na ukoo wote ukaingia. Hiyo picha ndiyo iliyoagizwa kwa nakala nyingi kuliko zote.

Saa kumi na moja mvua ikashuka. Bustani ikafa, mlima haukuonekana siku nzima. Walipiga picha barazani na ndani ya gari lililopambwa, vioo vikiwa na matone. Huku kwetu jua linazama kwenye saa kumi na mbili na nusu na giza linaingia kama mtu amefunga dirisha, kwa hiyo hakukuwa na cha kusubiri.

Ukumbini alifunga flashi kwenye stendi karibu na ule ukuta mweupe wa nyuma, kichwa kikiutazama ukuta, triga juu ya kamera. Mwanga ulirudi mpana na mweupe, zambarau ya taa ikabaki nyuma kama mapambo, sura zikabaki sura. Kazi ilikwenda hivyo mpaka saa tatu, ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, ilipoletwa na majani mdomoni, MC akipandisha sauti, bwana harusi kisu mkononi. Umeme ukakatika.

Jenereta ilichukua kama dakika moja kuwaka. Taa ya mtu wa video ilikuwa imechomekwa ukutani, nayo ikazima. Wageni wakawasha tochi za simu. Mwanga huo ulitosha kamera kulenga, na flashi kwenye stendi ilikuwa na betri zake yenyewe. Alipiga kumi na moja katika ile dakika. Ndafu, kisu, bibi harusi akicheka na mkono mdomoni, na nyuma yao nukta nyeupe za simu. Hakuna mtu mwingine aliye na picha za tukio hilo.

Kisha kikaja kipindi cha zawadi. Mama wakubwa na mashangazi waliingia wakicheza na kitanda, jiko na mabeseni vichwani, na stendi ikapata kiuno cha shangazi mmoja. Ikaanguka. Mguu wa flashi ukapasuka. Hatukuwa tumeifunga mfuko wa mchanga, na kosa hilo ni letu wote wawili. Nilikuwa nimesema "tutafunga" na hatukufunga. Dada alichomoa ile flashi ya zamani, akaiweka juu ya kamera, akaipa nguvu ya moja ya nane kwa mkono, akageuza kichwa chake nyuma kuelekea ukuta, na akamaliza usiku hivyo. Picha za saa ya mwisho zina mwanga usiolingana, nyingine hafifu, nyingine kali. Zilirekebishika.

Hesabu ya baadaye

5D ilipiga picha 1,840. Faili moja ya RAW ni kama megabaiti 27, hivyo kadi ya gigabaiti 64 ilikaribia kujaa bila kujaa. Betri mbili zilitosha. Kadi haikufa hata moja, na kuna rafiki aliyeniuliza basi nafasi mbili za kadi zilikuwa za nini. Nilimuuliza kama bima ya gari lake anaidai ajali kila mwaka.

Lenzi ya kukodi ilitumika dakika arobaini. Katika picha thelathini ambazo mama wa bibi harusi alizichagua mwenyewe kwa ajili ya albamu yake, tisa zilitoka kwenye hizo dakika arobaini. Sasa sijui kumwambia kijana asiyeweza kuinunua kwamba haihitaji, wala kwamba aikopee pesa ya kuinunua. Elfu sitini kwa siku, mara nane au kumi kwa mwaka, bado ni ndogo sana kuliko bei yake.

Na 85? Ilitumika kwa picha nne barazani. Jioni moja mwezi Januari tulikaa kwenye laptopu tukipanga picha, na kulikuwa na moja ya bibi harusi akitazama mvua, mandharinyuma laini kama maziwa. Nikasema, unaona sasa, hiyo ndiyo 85. Akanyamaza kidogo.

"Hapana kaka. Hiyo ni ile 50 yangu, kwenye ile kamera ya zamani."

Nikafungua taarifa za picha. Kweli. Milimita 50 kwenye sensa ya 700D, zidisha kwa 1.6, ni 80. Tundu ni lile lile, f/1.8. Nilimtia mtu deni la elfu tisini ili anunue kitu ambacho tayari kilikuwa kwenye begi lake, na nilikuwa nimekiandika kwenye orodha kwa mkono wangu mwenyewe siku ya kwanza. Nilipenda lenzi yangu, nikasahau kusoma begi lake, kama yeye alivyotaka kusoma profoma kabla ya ratiba.

Alikuwa anajua tangu dukani? Nilimuuliza. Akasema alihisi, lakini mimi ndiye kaka.

Ameiuza 85 kwa mwenzake wa Machame kwa laki tatu na ishirini. Amelipa kikoba, kilichobaki amenunulia flashi ya pili inayofanana na ile, na fundi viatu wa pale Mbuyuni amemshonea mifuko miwili ya turubai ya kutia mchanga. Ile iliyopasuka mguu imewekwa mguu mpya na inafanya kazi. Ana harusi mbili baada ya Pasaka, moja ya Marangu, nyingine Usa River, na ameshaenda kupima makanisa yote mawili bila mimi.

Stuli ya Kibosho bado iko kwenye kibanda chake. Bibi amekataa irudishwe.